Maji Chini ya Satini

Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, na wanaonifahamu wameshazoea. Nikisimulia sangara niliyemwona mwaloni kwa wavuvi, ujue atafika ukubwa wa ndama. Nikieleza mvua ya Mwanza, hata viboko wanatafuta mahali pa kujibanza. Wenzangu husikiliza, hucheka, kisha kila mmoja kimoyomoyo anagawanya kwa kumi. Lakini iko habari moja ambayo miaka yote nimekuwa nikiisimulia ikiwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Nikiulizwa kwa nini niliacha kuendesha gari la maharusi, husema, "Aa, siti ililowa kidogo, mzee akakasirika." Hiyo "kidogo" ndiyo nataka kuirekebisha hapa.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la spoti, milango miwili, limeinama mbele kama mtu anayesubiri filimbi ya kuanza mbio. Lilikuwa gari la wazi: ukibonyeza kitufe, paa la turubai linajikunja lenyewe na kulala nyuma. Wakati huo, kwa hesabu zangu, magari ya namna hiyo jijini Mwanza yalikuwa mawili, na la pili sikuwahi kuliona. Nyuma lilikuwa na siti ndogo ambayo waliolitengeneza nadhani waliikusudia mikoba. Sisi tulipakia maharusi.

Mwenyewe alikuwa mzee wa Kagera aliyestaafu ufundi wa injini za meli. Magoti yalikuwa yamemshinda, kuendesha hakuweza tena, basi mimi ndiye nilikuwa dereva, mwoshaji na msemaji wa gari. Kazi hiyo niliipata mwaka niliomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, umri wangu thelathini na tatu. Cheti changu nilikiwekea plastiki pande zote mbili, na nakala yake ilikaa kwenye kisanduku cha mbele cha gari, endapo askari wa barabarani angetaka kujua kiwango changu cha elimu. Hakuna aliyewahi kuuliza, lakini nilikuwa tayari.

Sasa, gari la wazi lina siri yake. Turubai haliwezi kuyazuia maji yote. Yale yanayoteleza juu yake huingia kwenye kijifereji kilichofichwa nyuma ya siti, kila upande, na mwisho wa kijifereji kuna kitundu kinachoingia kidole kimoja. Chini ya kitundu ipo paipu ya mpira inayopita ndani ya bodi na kutokeza karibu na tairi la nyuma. Mvua ikinyesha, maji yanashuka humo na kumwagika barabarani, na aliyeketi ndani hana habari. Kitundu kikiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye sponji ya siti na chini ya kapeti.

Kwingine nasikia vitundu hivyo huziba kwa majani ya miti. Vyetu viliziba kwa harusi. Kila Jumamosi watu waliwamwagia maharusi maua ya karatasi, vimetameta, mchele, na lile povu la kopo ambalo mashemeji hupenda kupuliziana machoni. Vyote vilitiririka nyuma vikatafuta kitundu. Kwa hiyo ndani ya paipu zetu kulikuwa na vipande vya ndoa zote za jiji, za waliokwisha kupata watoto na za waliokwisha kuachana.

Mzee alinifundisha kusafisha, si mara moja.

"Chukua kamba nene ya nailoni, hiyo wanayofungia ndoana za sangara. Ipenyeze taratibu huku unaizungusha. Ikigoma, usiilazimishe. Ikishapita, mimina maji kikombe kimoja kimoja. Halafu lala chini uchungulie kwenye tairi. Ukiyaona yanatoka, umesafisha. Usipoyaona, hujasafisha."

"Na nikipuliza kwa upepo, mzee? Wa kompresa?"

"Usithubutu. Paipu imechomekwa tu, haina kibanio. Ukiipuliza inachomoka, maji yote yanakuwa ya kwako."

"Nimekuelewa, mzee."

"Hujanielewa, umenijibu. Rudia."

Nikarudia yote hadi kulala chini. Alikuwa ameishi miaka mingi ndani ya matumbo ya meli, chini ya usawa wa ziwa, na maji kwake hayakuwa jambo la utani. Mimi kwangu kila kitu kilikuwa cha utani.

Ijumaa moja, katika majira ya mvua, nilipaswa kusafisha vitundu hivyo kwa ajili ya harusi ya kesho yake. Bibi harusi alikuwa binti wa Mkuyuni mwenye kibanda cha vitambaa sokoni. Kanisa lilikuwa upande wa Ilemela, anakosali bwana harusi na mama yake. Jioni hiyo kamati ya harusi ilitaka nipeleke gari nyumbani kwa binti, walione. Basi nikatangulia kwa dobi kuchukua shati langu la udereva. Lilikuwa jeupe, na mabegani nilikuwa nimeshonewa vipande vya dhahabu kama rubani. Badala ya kulibeba nikalivaa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu mtu aliyevaa shati la namna ile halali chini.

Nikasimama kwa fundi wa pancha wa Mkuyuni ninayefahamiana naye. Kompresa yake ilikuwa inaunguruma. Nikafunua paa nusu, nikamwonyesha kitundu.

"Puliza hapa."

"Anko, hapo hakuna tairi."

"Wewe puliza. Hii ni fizikia."

"Fizikia ya wapi?"

"Ya kidato cha nne. Presha ni nguvu gawanya kwa eneo. Eneo ni dogo, unaliona mwenyewe. Kwa hiyo presha itakuwa ya kutisha."

"Ikimtisha nani sasa?"

"Uchafu!"

Akapuliza. Maua mekundu ya karatasi yakaruka juu kama yamefukuzwa, yakatuangukia vichwani, mengine yakanata kwenye mikono yake ya grisi. "Hongera kwa ndoa," akaniambia, tukacheka hadi mama muuza mihogo jirani akaja kuona. Katikati ya kicheko, ndani ya bodi kitu kikalia *tap*.

"Umesikia?" fundi akauliza.

"Uchafu wa mwisho huo."

Nikaomba ndoo, nikamimina yote kwa mkupuo. Maji yakashuka mbio, hayakubaki hata tone. Fundi akaniangalia.

"Hebu chungulia chini kama yametoka."

Nikatazama chini. Ilikuwa tope limechanganyika na oili chafu. Nikatazama shati langu. Fundi naye alikuwa ameshaitwa na mteja mwingine. Nikapanda gari nikaondoka, na jioni kamati ilipolizunguka gari ikisema "loo!", nilisimama pembeni mabega yangu yakimetameta, nikaona dunia nzima imehamia Mkuyuni kuniangalia.

Mzee akapiga simu.

"Umesafisha?"

"Nimesafisha, mzee."

"Umechungulia?"

"Nimechungulia. Yanatoka kama maporomoko!"

Usiku mvua ikanyesha. Hii siikuzi, ilikuwa mvua ya kawaida ya msimu. Gari lilikuwa nje, nyumbani kwangu mlimani, limeegeshwa kati ya mawe, paa limefungwa. Asubuhi jua likatoka safi kabisa. Nikafungua mlango, nikapitisha kiganja juu ya siti ya nyuma. Juu ilikuwa na unyevu mdogo tu. Nikapangusa kwa taulo, nikaacha milango wazi, baada ya saa moja siti ikakauka kwa kuonekana. Kisha nikaibonyeza kwa kidole kimoja.

Maji yakapanda pembeni mwa kidole. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa ile rangi nyekundu ya maua ya karatasi iliyochanganyika na kutu na vumbi la miaka.

Nilikiangalia kile kidole kwa muda. Ningeweza kumpigia mzee. Ningeweza kuwapigia kamati nikasema tafuteni gari jingine, bado kulikuwa na saa tatu nzima. Badala yake nikachukua satini nyeupe tuliyokuwa tukitandika siku za harusi, nikaikunja mara mbili, nikaifunika siti. Nikajiambia kanisa si mbali, na bibi harusi ni mwembamba.

Alipanda akiwa na furaha ya kuambukiza. Matroni wake, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita kivuko kirudi, alikaa mbele pembeni yangu, na gari dogo la matarumbeta lilitutangulia. Paa nililifunua. Tulipita mjini watu wakipunga mikono, ziwa likiwaka upande wa kushoto.

"Dereva, usinikimbize," bibi harusi akasema. "Sijaolewa bado, nikifa sasa hivi nitazikwa kwa jina la baba."

"Dada, nakubeba kama yai."

Baada ya muda kidogo akasema tena, "Mbona siti yako ya baridi hivi?"

"Ni satini, dada. Satini ndivyo ilivyo."

"Vumilia mwenzetu," matroni akadakia bila kugeuka. "Jioni utapashwa!"

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka. Nilicheka sana, kuliko hata mzaha wenyewe ulivyostahili.

Kanisani nilimfungulia mlango mimi mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuona. Nyuma ya gauni lake, chini kidogo ya kiuno, palikuwa na duara la ukubwa wa sahani, jekundu la kahawia. Baba yake alikuwa amenyoosha mkono kumpokea. Watu walikuwa wamesimama pande zote za mlango na simu zao juu. Akapiga hatua mbili, tatu. Nyuma yake vigelegele vikaanza kukatika, kimoja baada ya kingine.

Matroni akavua mtandio wake akamrukia.

"Umechafuka, mdogo wangu. Simama hivyo hivyo. Usigeuke."

"Nimechafuka nini?"

"Simama kwanza."

Wanawake wakamzunguka. Mama mchungaji akaja haraka kutoka ndani, akainama sikioni kwake, lakini nilikuwa karibu, nilisikia.

"Ni siku zako, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nilimaliza wiki iliyopita. Ni siti. Siti ilikuwa na maji."

Lazima nieleze jambo hapa. Katika kanisa lile, kama ilivyo katika mengi huku kwetu, bibi harusi hupelekwa kupimwa mimba kabla ya ndoa, na majibu yake huyaona mama mchungaji na wazee wawili wa kanisa wanawake. Binti huyu alikuwa amepimwa siku chache nyuma na akaonekana hana. Kwa hiyo damu ile, maana wote waliiona damu, haikuwa aibu ya kawaida ya mwanamke aliyepitiwa na tarehe. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Sasa kama hana mimba na siku zake zimepita, hii nini?" Na mwingine akamjibu, "Labda ndiyo sababu hana." Mama mkwe mtarajiwa alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Uso wake ulifungwa kama duka.

"Hebu mmoja akaiangalie hiyo siti," mama mchungaji akasema.

Mimi nilikuwa nimeshaifikia siti. Kichwa changu hakikupanga lolote, mikono ndiyo ilitangulia. Nilikuwa nimeivuta satini, nikatoa kipande cha karatasi ya nailoni kwenye buti, nikakilaza juu ya siti, kisha nikairudisha satini juu yake nikiwa nimeikunja upya, sehemu safi na kavu juu. Yote hayo kwa muda wa kupiga chafya mbili. Mzee wa kanisa aliyetumwa, mama mfupi mwenye miwani, akaja akagusa satini kwa kiganja. Akagusa tena.

"Kavu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Akarudi akawaambia wenzake, "Kavu, nimeigusa mwenyewe."

Nilikuwa nimeushika mlango wa gari. Kusema "ni gari" kunahitaji pumzi kidogo sana.

Wakampeleka chumba cha pembeni, kile wanachohifadhia vitabu vya nyimbo. Mama mchungaji na wazee wawili waliingia naye, matroni akaachwa nje. Baba yake alibaki mlangoni pa kanisa na ule mkono wake, hajui aurudishe wapi. Wapiga matarumbeta hawakuwa wameambiwa kitu, wakaendelea kupiga wimbo ule ule wa furaha, ukiisha wanauanza upya, mpaka mchungaji akatoka akawaashiria wanyamaze. Bwana harusi alikuwa mbele kabisa ya kanisa, haruhusiwi kugeuka.

Sitasema walikaa humo muda gani. Nikisema, nitaongeza.

Alitoka amefungwa kitenge cha mtu kiunoni, juu ya gauni jeupe. Hawakukuta kitu, na ndoa ikafungwa. Lakini "hawakukuta kitu" haitangazwi kwenye kipaza sauti, na kitenge kila mtu alikiona. Yuko nacho kwenye picha zote.

Baada ya ibada nikawapakia wawili wao, yeye na mume wake. Walitakiwa kuketi juu, kwenye mgongo wa siti, wapunge mikono. Yeye akakataa, akakaa chini. Alipokaa, nailoni ikalia chini yake. Akatulia. Akajisogeza kidogo, ikalia tena.

"Dereva."

"Naam, dada."

"Hii nailoni ilikuwepo asubuhi?"

Nilimwona kwenye kioo. Hakuwa na hasira. Mume wake alikuwa amegeuka anamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, na nikaelewa kwamba jibu lolote nitakalotoa ndilo litakaloingia naye nyumbani.

"Ilikuwepo, dada," nikasema. "Huwa tunaiweka siku zote."

Hakuuliza tena. Mpaka ukumbini hakuna aliyepunga mkono.

Jioni ile ile, kwenye kundi la simu la kamati, mtu aliweka picha iliyopigwa kwa nyuma. Chini yake wengine wakaandika "jamani" na wengine wakaandika mambo mengine. Nami nilikuwamo kundini, kwa sababu ya usafiri. Niliandika: *Ni gari.* Nikaifuta. Nikaandika: *Hongereni sana maharusi, Mungu awabariki.* Hiyo ndiyo niliyotuma, pamoja na maua matatu.

Jumanne mzee alitaka gari. Alifungua mlango akavuta pumzi mara moja tu.

"Limenywa maji."

"Mvua, mzee."

"Mvua inanyesha kila mwaka. Toa siti."

Nikaitoa. Chini yake palikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi maua ya karatasi yamelala kama dagaa. Paipu ya upande wa kulia ilikuwa imechomoka kabisa kwenye kitundu chake na kuelekea ndani ya gari. Mzee alisimama akinielekeza kwa fimbo, nami nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya Ijumaa: nikairudisha paipu, nikapenyeza kamba ya nailoni taratibu, nikamimina kikombe, nikalala chini kifudifudi. Maji yakatoka karibu na tairi, uzi mwembamba, safi. Kazi nzima haikuzidi nusu saa.

"Yanatoka?" akauliza kutoka juu.

"Yanatoka."

"Ijumaa yalitoka?"

Nilikuwa bado chini. "Sikuchungulia, mzee."

"Jumamosi ulimbeba nani?"

"Yule wa Mkuyuni."

"Yule wanayemsema kanisani?" Kumbe habari ilikuwa imevuka mji mzima hadi kwake Nyamagana. "Wanayesema alitoa mimba?"

Akanyoosha mkono, nikaelewa, nikainuka nikampa funguo. Alizitia mfukoni, akatafuta jiwe akakaa kwa shida, mguu mmoja amenyoosha, akawa anaangalia lile dimbwi ndani ya gari lake. Nilisubiri anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Nilikuamini kwa sababu mimi siwezi kuinama," akasema mwishowe. "Nenda kwa yule mtoto."

Nilikwenda Jumatano asubuhi. Kibanda chake kilikuwa katikati ya vibanda vya vitambaa, na alikuwa anampimia mteja kitambaa cha pazia. Aliponiona aliendelea kupima, akakata, akakunja, akapokea, akamwambia mteja karibu tena. Ndipo akanigeukia.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi. Siti ilikuwa imelowa. Mimi ndiye niliyeiharibu, na mimi ndiye niliyeweka nailoni, baadaye. Wewe ulisema kweli."

"Kwani unaniambia mimi?" akasema. "Mimi niliikalia."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, njia nzima.

"Mama mkwe hajakanyaga kwangu. Nilimpelekea chakula, kikarudi na sahani yake, hakijaguswa. Mume wangu ameniuliza mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kwa upole." Alikuwa anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Unajua walichonifanya kwenye kile chumba?"

"Hapana, dada."

"Basi usijue. Kesho Alhamisi, saa tisa, kina mama wa kanisa wanakutana. Wote watakuwepo, na mama mkwe huwa hakosi. Nenda kawaambie wao. Na usiende kuwachekesha. Nakusikiaga hapo kwa fundi pancha, unavyochekesha."

Alhamisi nilivaa shati la kawaida. Nilikuta wanawake kama thelathini kwenye mabenchi, wengine na vitambaa vya kufuma mapajani. Nilisimama mlangoni, nikaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba kwa pamoja, wakidhani nimeleta ujumbe kutoka kwa mchungaji. Mama mchungaji aliniruhusu niseme.

Nilianza na Ijumaa. Nikawaambia kuhusu kitundu, kompresa, na ndoo moja ya maji. Nilipofika kwenye shati, mmoja akaguna kwa kicheko, na nikasikia ulimi wangu unavyotaka kumfuata, niwaonyeshe yale mabega ya rubani, niwapate wote. Nikasema tu kwamba sikutaka kuchafuka. Kisha nikasema satini. Kisha nailoni. Mikono iliyokuwa inafuma ikasimama.

"Ulijua lini kwamba siti ina maji?" mama mchungaji akauliza.

"Asubuhi, mama. Kabla sijamfuata nyumbani. Niliibonyeza kwa kidole."

"Na rangi yake uliiona?"

"Niliiona."

Yule mama mfupi mwenye miwani alikuwa benchi la pili. Alisimama polepole.

"Mimi nilikuja nikagusa. Nilisema kavu."

"Uligusa nailoni, mama."

"Nilipogusa, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Nilikuwa nimeshika mlango."

Akakaa. Alivua miwani, akaishika mapajani, na hakuifuta wala hakuivaa tena. Mama mchungaji aliangalia mlango wa kile chumba cha vitabu, uliokuwa wazi, kisha akaangalia mahali pengine. Nilidhani mtu atapaza sauti. Hakuna aliyepaza. Mmoja tu nyuma alisema, kwa sauti ya chini, "Na sisi tukamvua," na mwenzake akamwambia anyamaze.

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na dirisha. Nilikuwa nimekwepa kumtazama tangu nilipoanza. Akainuka, akaokota mkoba wake, akajifunga vizuri khanga ya juu. Alipita pembeni yangu mlangoni bila kunitazama, karibu kiasi cha kunigusa bega. Nilimsikia nje akiita bodaboda, mara mbili, kwa hasira, kisha akisema, "Mkuyuni, sokoni. Kwenye vitambaa. Na usinizungushe."

Pikipiki ikashuka mlima. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya kina mama wale, na hakuna aliyeniambia nikae, wala aliyeniambia niondoke.